Ukiletewa dubwi: mwongozo kamili kwa mwenye grosari wa Kigoma

Jamaa wa dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, huwa hapigi simu kwanza. Anakuja mchana, saa nane hivi, grosari haina mtu, anaagiza soda, anasifia mahali. "Mwakeye mama, hapa panachangamka." Macho yake yako kwenye kona, pale kati ya friji na mlango wa uani, na swali lake la pili ni kama kuna soketi.

Mimi nilimjibu ipo. Jioni alirudi na bajaji, wakashusha sanduku, wakalifunga kwa mnyororo kwenye nondo ya dirisha, na kabla sijamaliza hesabu za siku vijana wawili kutoka Kibirizi walikuwa wameshalisimamia. Miezi minne baadaye wakaja wakaguzi na polisi. Wakauliza leseni ya mashine. Nikawaonyesha leseni yangu iliyo ukutani, kwenye fremu kabisa. Mkaguzi aliisoma mpaka mstari wa mwisho, akasema kwa upole, "Mama, hii ni ya vileo." Mashine ikaondoka na sarafu zake tumboni, simu ya jamaa haikupatikana tena, na aliyekwenda kuandika maelezo kituoni ni mimi.

Kwa hiyo humu hutapata mbinu za kushinda. Nimeandika kwa ajili ya yule ambaye sanduku linasimama kwake: mwenye baa, grosari, nyumba ya wageni, banda la pool. Mwenye mashine anaweza kuwa Dar es Salaam au Mwanza. Siku ya matatizo anayeonekana ni wewe.

Jua kwanza umeletewa nini

Mtaani tunaita dubwi. Wengine husema bonanza, wengine mashine ya Kichina. Kwenye karatasi za serikali utakuta "mashine za sloti". Lile la kwangu lilikuwa na duara la picha juu: tofaa, chungwa, tikiti, kengele, 77. Chini vibonyezo, kila picha na chake. Unatumbukiza sarafu ya mia mbili, ile ya Mzee Karume, unabonyeza picha unayoitaka, taa inazunguka ikilia, inapunguza mwendo, inasimama. Ikisimama kwako, inatema. Isiposimama kwako, imekula.

Ndani ya mashine za aina hii kuna bodi yenye swichi ndogo za kupangia kiasi cha kutema. Mwenye ufunguo anaweza kuzigusa. Wewe na mteja wako hamna la kufanya. Hebu piga hesabu hii, kwa mfano tu. Mashine imepangwa kurudisha 80 katika kila 100. Mvuvi anaingia na shilingi 10,000, yaani sarafu 50. Akizipitisha zote mara moja, kwa wastani zinarudi 40. Akizirudisha, 32. Kisha 26, kisha 20, na mzunguko wa tano zinabaki kama 16. Hajawahi kukaa bila kutemewa kitu, ndiyo maana hanyanyuki. Mkononi mwake zimebaki shilingi 3,200 na roho yake inamwambia alikuwa anakaribia.

Sasa kuna mashine za kasino, na hapa ndipo watu wanapojichanganya. Utasikia, "Mbona Dar na Arusha zimejaa, serikali inaziona?" Zimejaa ndani ya nyumba yenye leseni ya kasino, yenye mlinzi mlangoni na wafanyakazi wanaojulikana kwa msimamizi. Mashine ileile ukiitoa pale ukaiweka kando ya friji yako haiji na leseni ya pale.

Nikitaka kumwelewesha mtu jambo hili huwa natumia mfano wa Uingereza, kwa sababu wenzetu wale wameliandika kwa tarakimu. Sheria yao ya kamari ya mwaka 2005 imezipanga mashine kwa herufi, kuanzia A mpaka D. Daraja A halina kikomo cha dau wala zawadi. Lilitengwa kwa kasino kubwa za kikanda, na mpaka leo haijajengwa hata moja. B1, ambayo makazi yake ni kasino, dau mwisho pauni 5, zawadi pauni 10,000, isipokuwa zile za zawadi inayolimbikizwa. Baa ya kawaida haipewi hizo. Inaishia C na D, na ile ya C mwisho wake ni dau la pauni 1 na zawadi ya pauni 100. Tena haki yake ya moja kwa moja ni mashine mbili tu. Akitaka ya tatu aombe kibali.

Hata kasino zenyewe hazijiwekei zinavyotaka. Idadi ya mashine imefungwa kwenye idadi ya meza za mchezo. Kasino inayohesabiwa kubwa kwa sheria hiyo inapata mashine tano kwa kila meza, mwisho 150. Ndogo mwisho wake ni 80. Zile za zamani, zilizorithiwa kutoka sheria ya 1968, zilikaa miaka mingi na mashine 20 kila moja, na ni Julai 2025 tu ndipo ilipofunguliwa njia ya kufika 80, nazo kwa kufuata ukubwa wa nyumba na meza.

Kwa nini meza? Kwenye meza kuna mtu anayegawa karata. Anamwona mchezaji usoni, anaona amelewa, anaona mikono inatetemeka. Mashine haioni chochote, na haichoki. Ukiongeza mashine bila kuongeza watu, umejaza ukumbi vitu visivyo na macho. Wenye maduka ya kubeti huko waliruhusiwa mashine za B2 zenye dau la hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja. Kelele zikawa nyingi mpaka tarehe 1 Aprili 2019 dau likashushwa hadi pauni 2. Kutoka 100 hadi 2, kwa mpigo.

Kwenye grosari yako hakuna meza ya karata. Macho yaliyopo ni yako na ya dada anayehudumia. Mengine yote nitakayosema yanatokana na hapo.

Sheria yetu, kwa ufupi

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41. Imeunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanza kazi Julai 2003 chini ya wizara inayohusika na fedha. Bodi ndiyo inayotoa leseni za kasino, za mashine za sloti, za kubeti na nyinginezo. Hakuna wa kuendesha mashine bila leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia na kukagua.

Leseni ya biashara kutoka Halmashauri haifanyi kazi hiyo, wala ya vileo, wala barua ya mwenyekiti wa mtaa. Na kwa sisi tulio mpakani: karatasi ya Bujumbura au Kalemie, hata iwe na mihuri mitatu, hapa Kigoma ni karatasi tu.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya soketi

Usikubali sanduku lishuke kwenye bajaji kabla hujaziona karatasi. Jamaa atakwambia ziko ofisini, atazituma WhatsApp kesho. Mwambie basi na mashine ije kesho.

Unachotaka kuona ni leseni ya mwendeshaji kutoka Bodi. Soma jina lililoandikwa, aina ya leseni na tarehe inapoisha. Jina hilo lilingane na la kampuni itakayosaini mkataba nawe. Omba namba yake ya mlipakodi na kitambulisho cha NIDA cha huyo aliyesimama mbele yako, kwa sababu kampuni inaweza kuwa halali na yeye akawa si mtu wao. Zunguka nyuma ya mashine, tafuta namba yake, iandike. Mashine isiyo na namba yoyote, au ambayo namba imekwanguliwa, irudi ilikotoka siku hiyohiyo.

Kisha piga simu Bodi mwenyewe. Namba itafute kwenye tovuti ya Bodi. Usitumie aliyokupa jamaa. Wasomee jina la kampuni na namba ya mashine, waeleze mtaa ulipo na aina ya biashara yako, uulize kama mashine hiyo inaruhusiwa kukaa hapo. Andika siku na saa uliyopiga. Mimi simu hiyo sikuipiga. Isingemaliza hata vocha ya buku.

Hatua ya pili: mahali inaposimama

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo nilipoumia zaidi.

Kona yangu ilikuwa njiani. Mlango wa uani unakwenda kwenye bomba, na watoto wa nyumba tatu hupita hapo na ndoo. Nilijiambia wanapita tu. Siku moja akaja mtoto wa kama miaka kumi na miwili, katumwa soda mbili, kashika noti. Nikampa soda, nikampa chenji, sarafu nne za mia mbili. Nikageuka kufungua friji la pili. Niliposikia ule mlio wa taa kuzunguka sikushtuka, nilishauzoea. Kesho yake mama yake akaja na chupa tupu mkononi, anauliza soda imepanda bei lini. Sarafu nilizompa mimi, kwenye mashine iliyo kwangu, mita mbili kutoka nilipokuwa nimesimama.

Kwa hiyo simama mlangoni kwako uangalie kama mtoto aliyetumwa. Anaingilia wapi, anasimama wapi, anatokea wapi? Mashine isionekane kutoka kwenye njia yote hiyo. Inatakiwa chumba au sehemu yenye mlango wake, ambayo wewe au mhudumu mnaiona moja kwa moja kutoka kaunta. Pazia peke yake halitoshi. Pazia linamficha mtoto aliye ndani.

Duka la vyakula halifai. Kioski halifai. Banda la kuonyesha mpira, ambako nusu ya watazamaji ni wanafunzi, halifai hata kama mwenye banda anaapa kwamba huwafukuza. Ukiwa kwenye njia ya kwenda shule, sahau kabisa. Na kama grosari yako ni chumba kimoja kama nyingi za Mwanga, jibu lako kwa jamaa ni hapana, na mwongozo huu unaishia hapo kwako. Hutakuwa umepoteza kitu kikubwa, nitakuonyesha kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: umri

Kwenye umri usikadirie kwa ndevu. Vijana wa mwaloni wakishapigwa jua na kubeba makasia, wa kumi na sita anaonekana wa ishirini na mbili. Omba kitambulisho cha Taifa au kadi ya mpiga kura. Soma tarehe ya kuzaliwa. Hana? Hachezi, hata kama amekuja na kaka yake. Anayeshika sarafu za mwenzake "amsaidie kubonyeza" naye anacheza.

Andika tangazo kwa Kiswahili, herufi kubwa, ulibandike usawa wa macho. Ila tangazo bila mtu ni pambo. Mpe mhudumu wako ruhusa ya kuchomoa waya bila kukuuliza, na siku akimkatalia mteja mkubwa, simama upande wake mbele ya watu. Usipofanya hivyo mara ya kwanza, hatakataza mara ya pili.

Hatua ya nne: mkataba, ufunguo na umeme

Mimi nilipewa robo ya sarafu kwa mdomo. Wiki nzuri alifungua mbele yangu tukahesabu sarafu 450, shilingi 90,000, nikapata 22,500. Nikafurahi. Sikukumbuka kwamba umeme wa LUKU ni wangu na mashine inawaka taa mchana na usiku. Sikukumbuka pia kwamba wale waliomaliza hela kwenye dubwi hawakununua bia. Kijana aliyekuwa akinywa nne sasa anakunywa moja, tena anaibembeleza. Fungua daftari lako la mauzo, linganisha wiki nne kabla ya mashine na wiki nne baada yake, utaona mwenyewe.

Tena Kigoma hesabu hii ina mwezi wake. Wakati wa giza boti zinakwenda ziwani, dagaa wanapatikana, Kibirizi kuna fedha. Mbalamwezi ikitoka, taa za wavuvi hazivuti dagaa na watu wanakaa nchi kavu. Jamaa wa mashine anaujua mwezi kuliko mganga. Kwangu alikuwa akija kukusanya mwisho wa giza, na wiki za mbalamwezi simuoni. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, waliokuwa na mashine walibaki na wachezaji wanaokopa. Ukiona mteja anaomba mkopo wa sarafu kwako, umeshaacha kuwa mwenye nyumba.

Mkataba uandikwe. Uwe na jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni, namba ya leseni, namba ya mashine, mgao, nani analipa umeme, nani anashika ufunguo, mashine ikaguliwe kila baada ya siku ngapi, na nani anabeba faini mashine ikikutwa na dosari. Hicho cha mwisho jamaa atakiruka. Mrudishe. Weka pia kwamba unaweza kuitoa kwa notisi ya siku saba. Mashahidi wawili, kila upande nakala yake, na nakala yako usiitunze kwenye droo ya kaunta ambayo kila mtu anaifungua.

Sanduku la sarafu lifunguliwe ninyi wawili mkiwepo, kila mara. Mkimaliza, andikeni idadi na msaini. Ikikwama sarafu, usiichokonoe na kisu.

Kodi

Tangu Julai 2017 kodi ya michezo ya kubahatisha inakusanywa na TRA. Kasino hutozwa asilimia ya mapato yake, ilhali mashine za mtaani hutozwa kiasi maalumu kwa kila mashine kwa kila mwezi. Mlipaji ni mwendeshaji. Wewe unachotaka ni kuona risiti ya mwezi uliopita kabla hajafungua sanduku mwezi huu. Viwango hubadilika na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo mwezi huo pita ofisi ya TRA uulize. Mgao unaoupata nao ni mapato yako. Uingize kwenye hesabu zako.

Wakaguzi wakifika

Usifunge mlango, usikimbize mashine uani. Waombe vitambulisho, waandike majina yao, kisha watolee faili: nakala ya leseni, mkataba, risiti za kodi, daftari la sarafu. Faili liwe moja na lijulikane lilipo hata ukiwa msibani.

Wakiichukua mashine, omba stakabadhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamata kitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi ya alichokamata. Iandikwe namba ya mashine na, ikiwezekana, kiasi cha sarafu zilizomo, zihesabiwe hapohapo. Mimi niliona aibu kuomba. Watu walikuwa wamejaa nje, muuza mawese wa jirani kasimama na dumu lake kichwani anatazama, nikataka tu gari liondoke. Baadaye nilipoulizwa mlikuwa na kiasi gani ndani, sikuwa na la kusema.

Ukitakiwa kuandika maelezo, andika unachokijua. Usimtetee jamaa. Ukiambiwa kuna faini, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na upewe risiti. Pesa ya mkononi haimalizi kesi.

Kuiondoa

Umeamua haifai. Piga simu, kisha tuma ujumbe wenye tarehe ili uwe na ushahidi, ukimpa zile siku saba. Akija, fungueni sanduku pamoja, mhesabu, mgawane, aandike kwa mkono wake kwamba amechukua mashine namba fulani ikiwa nzima, asaini, shahidi asaini. Piga picha mashine ikiwa juu ya bajaji.

Asipokuja, usikate kufuli wala usiuze chuma chakavu. Mali bado ni ya mtu. Iandikie Bodi barua, taja namba ya mashine na ya simu ya jamaa, nakala mpelekee mtendaji wa mtaa akugongee muhuri wa kupokea. Wakati unasubiri jibu, chomoa waya, geuza uso wa mashine uelekee ukutani, panga kreti za chupa tupu mbele yake mpaka juu.